Binzari kwenye albamu ya harusi, na jinsi nilivyojiungia kompyuta

Mwaka jana nilipiga picha harusi moja ya watu wa Buhongwa hapa Mwanza, harusi ya maana, ukumbi umepambwa mpaka mlango wa jikoni. Nikaediti siku nne kwenye laptopu yangu ya zamani, nikapeleka kuprinti, albamu ikarudi nikaifunga vizuri nikaipeleka mwenyewe kwa mama yake bibi harusi kifua mbele. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, kaa hapo unywe soda. Akafungua ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Akavaa miwani, akasogea dirishani kwenye mwanga, afu akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mbona umetupaka binzari?"

Nikasogea na mimi nikaangalia. Mwanawane! Ukoo mzima ulikua wa njano. Shela limekua kama samli, meno ya bwana harusi kama ya mvuta sigara wa miaka 40. Na ukifungua faili lilelile kwenye laptopu yangu unaona picha safi, watu wana rangi zao.

Ndo hapo nilipogundua kitu ambacho nilitakiwa kukijua miaka mingi nyuma, kwamba kioo cha ile laptopu kilikua kinaegemea bluu. Mimi nikiona watu wamepoa naongeza njano, naongeza tena kidogo, mpaka kwenye kioo changu wakae sawa, kumbe siwaponyi wao, naponya kioo. Printa haioni kioo changu, printa inaona namba zilizopo kwenye faili na namba zilikua binzari tupu.

Kwaiyo nikaamua basi, najichanga, naunga desktop ya kueditia picha, na kabla sijaanza kuelezea vitu, hapa mtaani boksi lote tunaliita CPU, mi nikisema prosesa namaanisha kile kidude chenyewe cha ndani kinachofikiri, tuelewane.

Bajeti ilikua milioni 3. Nikaanza kuuliza watu na kosa langu la kwanza nikawauliza washkaji wa gemu. Kuna jamaa yangu anakaa Igoma ana mashine inawaka taa rangi saba kama mapambo ya kitchen party, yeye akaniambia nusu ya hela yote weka kwenye kadi ya grafiksi (ile inayochora picha za skrini), vilivyobaki okoteza tu, hata skrini tumia TV. Na nilikua nimeshakubali kabisa, nimeshaanza kutafuta bei ya kadi kubwa, bahati tu nikapita kwa fundi wangu mjini upande wa Makoroboi kumrudishia chaja yake. Nikamsimulia mipango. Akaniacha nimalize afu akauliza swali moja, "Kaka, kwani inakukwamia wapi?"

Sikua na jibu. Inakwama tu! Inakwama kila mahali!

Akaniambia washa hiyo laptopu, fungua Lightroom, ile programu ninayoeditia, fungua Task Manager pembeni ituonyeshe nini kinatumika, afu fanya kazi zako kama kawaida mimi nitakua naangalia. Nikaanza kuchambua picha za harusi ileile. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, GB 8, imejaa asilimia 96. Diski, lile la zamani la kuzunguka, asilimia 100 na haishuki, maana RAM ikijaa Windows inaanza kupakua mizigo kwenye diski na kuipakia tena, sasa diski lenyewe ndo hilohilo linalosoma picha, ndo hilohilo lenye katalogi (daftari la Lightroom la marekebisho yote), ndo hilohilo lenye Windows. Prosesa yenyewe ilikua asilimia 30 hapo, imekaa inasubiri kuletewa kazi kama kibarua wa mwaloni Kirumba anayesubiri mtumbwi wa dagaa ambao haujafika. Afu akaniambia haya ekspoti picha 50, hapo sasa prosesa ikapanda mpaka juu, feni ikaanza kulia. Grafiksi muda wote huo karibu inalala.

Hiyo nusu saa pale kwenye kiti cha plastiki ndo ilipanga kompyuta yangu yote. Kila kitu nilichonunua nilikua najiuliza swali la fundi.

Skrini nikainunua ya kwanza, kabla hata ya boksi, na ndo kitu nilicholipia hela nyingi kuliko vyote, laki 7 na nusu. Washkaji walinicheka. Ni inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, aina ya IPS. IPS ni muhimu kwa sababu zile TN za bei chee ukiinua kichwa kidogo rangi inabadilika, unaediti umekaa wima picha ni nyingine, ukijiegemeza kwenye kiti picha ni nyingine, sasa ipi ndo ya kweli? Wengine watakwambia tafuta skrini yenye rangi pana zaidi ya sRGB (kipimo cha kawaida cha rangi), mi nikasema hapana, wateja wangu wanaangalia picha kwenye simu na maabara ninapoprintia wanataka faili la sRGB, kwaiyo nikatafuta ambayo inafikisha sRGB yote na kutulia hapo. Hizo rangi za ziada usipojua kuzisimamia ni njia nyingine tu ya kupaka watu binzari. Na niliinunua hapahapa Mwanza, sikuagiza Dar, nikaiwasha dukani nikaweka picha nyeusi tupu afu nyeupe tupu nikatafuta doa. Kioo kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwenye buti la basi chini ya gunia la mchele, mi siwezi.

Afu skrini hata iwe nzuri vipi lazima ipimwe, kuna kidude kinaitwa kalibreta, unakilaza juu ya kioo kinasoma rangi zinazotoka na kutengeneza faili la kuzirekebisha. Bei yake ilinikata maini. Tukachanga wapiga picha wanne, mimi, wawili wa Kirumba na dada mmoja wa Nyegezi, tukanunua kimoja, kinazunguka na bodaboda kila mwezi kama mchezo wa kupeana. Tunaweka nyeupe kwenye kelvini 6500 na mwanga kama kandela 110 kwa mita mraba hivi, siyo ule mwanga wa dukani unaochoma macho, maana ukiediti kwenye kioo kinachowaka sana picha zikiprintiwa zinatoka giza. Hili nalo lilishanipata, ila siyo na huyu mama.

Sasa boksi. Prosesa nikachukua Ryzen 7 5700X, kori 8 (kama vibarua 8 ndani ya prosesa moja), nyuzi 16 (kazi inazoshika kwa mpigo), wati 65, haichemki hovyo. Nilibishana na nafsi yangu kuhusu 5600 ya kori 6 ambayo ni rahisi zaidi na kusema kweli kwenye kusogeza vitufe na kupaka brashi tofauti huioni, tofauti unaiona kwenye kuekspoti picha 700 saa sita usiku wakati mteja anataka kesho asubuhi. Hizi ni za soketi (tundu la kukalia prosesa) ya AM4, najua ni ya zamani, AM5 imetoka 2022, ila AM5 inataka RAM za DDR5 tu na mazabodi zake (yale mabao yanayobeba vitu vyote) bei ilikua imesimama, mi nikabaki na ya zamani hela ikaenda kwenye kioo. Mazabodi nikachukua ya B550, sababu moja tu, ina nafasi mbili za zile SSD, diski zisizozunguka, nyembamba kama pipi ya kijiti. Ukiona mtu anakuuzia mazabodi ya B450 iliyokaa dukani muda mrefu muulize kama BIOS, programu yake ya ndani, imeshapandishwa, isipopandishwa haizitambui hizi prosesa za 5000, utaunga kila kitu afu giza.

RAM GB 32, vijiti viwili vya 16, siyo kimoja cha 32, maana vikiwa viwili prosesa inavuta kwa mikono yote miwili. Na hapa nilijifunza kitu, nilivyowasha mara ya kwanza Task Manager ikaniandikia kasi 2133 wakati pakiti imeandikwa 3200, nikajua tayari nimepigwa, nikaanza kumpigia winga wa Kariakoo kwa hasira, kaka umeniuzia nini? Yule winga wala hakukasirika, "ingia BIOS boss, washa XMP." Nikawasha, kumbe ndo mpangilio unaoiachia RAM kasi yake kamili. 3200. Nikamuomba radhi.

Diski ndo sehemu nataka nikae kidogo kwa sababu ndo iliyoniuma.

Hesabu yangu ni hivi, kamera ya megapikseli 24, picha moja ya RAW (faili ghafi la kamera) ni kama MB 30, harusi moja na send-off yake napiga hata picha 2,000, hiyo ni GB 60 kwa familia moja. Harusi za Desemba unaweza kuwa na nne mkononi kwa pamoja. Kwaiyo nikapanga SSD mbili za NVMe, zile za kasi zaidi, ya GB 500 ina Windows na programu na katalogi ya Lightroom, ya TB 1 ina kazi za mwezi huu tu, afu kazi ikishalipwa inahamia kwenye diski la kuzunguka la TB 4 na nakala nyingine inakaa nje, nyumbani kwa dada yangu. Ile NVMe inasoma MB kama 3,500 kwa sekunde, SSD za kawaida za SATA kama 550, diski la kuzunguka likijitahidi sana 150 mpaka 200. Ila ukweli kutoka diski la kuzunguka kwenda SSD yoyote ndo unasikia umehama nyumba, kutoka SATA kwenda NVMe ni kama umebadilisha pazia. Hakikisha tu mazabodi yako inakubali aina unayonunua, maana kuna zinazofanana umbo, nyembamba vilevile, kumbe ndani ni SATA.

Sasa ile nakala ya nje. Nikaona mtandaoni SSD ya nje, TB 2, bei ya kuku wawili na mchele wake. Nikajua ni bahati yangu. Ikaja, nzuri, ina uzito wake mkononi, nikaichomeka, kompyuta ikasema TB 2, nikafurahi nikamwaga harusi tatu. Wiki iliyofuata nikafungua foda ya harusi ya kwanza, majina ya picha yapo, ukibofya hamna kitu, faili haifunguki. Jasho. Nikachukua bisibisi nikaipasua. Ndani kuna kibao kidogo cha saketi cha ukubwa wa kidole gumba, kimebeba memori kadi ileile ya simu imebandikwa kwa gundi, na pembeni kipande cha chuma kisicho na kazi yoyote ila kukudanganya mkono. Kanyaboya mzima mzima. Kile kibao kimefundishwa kuidanganya kompyuta kwamba kina TB 2, ukijaza kadi yenyewe hakikatai, kinarudi mwanzo na kuandika juu ya vile vya zamani, ndo maana majina yanabaki na picha zimekufa. Bahati nilikua bado sijafuta kwenye memori kadi za kamera, la sivyo mi ningekua nimeshahamia Ukerewe kujificha. Tangu siku hiyo diski lolote jipya lazima nipitishe programu ya H2testw kwanza, inajaza diski lote na kusoma tena ilichoandika, inachukua masaa lakini nalala.

Kadi ya grafiksi, haya, turudi kwa jamaa wa Igoma, maana hakua amekosea kila kitu. Kwa kuchambua na kurekebisha mwanga kadi ndogo inatosha. Ila tangu Aprili 2023 Lightroom ina kitu kinaitwa Denoise, inasafisha zile chenga za picha zilizopigwa gizani, na wapiga picha wa kumbi za kwetu tunajua, MC anazima taa zote anabakiza zile za zambarau, unapandisha ISO (uwezo wa kamera kunasa mwanga) mpaka 6400 na bado bibi harusi ni kivuli. Hiyo Denoise inakula grafiksi, siyo prosesa. Kwenye laptopu yangu picha moja ilikua inachukua zaidi ya dakika 10, unaiwasha unaenda kununua chapati. Kwaiyo nikatafuta RTX 3060 iliyotumika, ile ya GB 12, na uulize vizuri kwa sababu ipo pia ya GB 8 yenye jina hilohilo. Picha ileile saa hivi ni sekunde kama 20. Ningeweka nusu ya bajeti kwenye kadi kubwa zaidi zingekua labda 8, na hizo sekunde 12 mi nazitumia kunywa maji.

Ukinunua kadi iliyotumika nenda na flashi yenye GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ya aina gani. Kuna kadi za kizamani zinabadilishwa programu ya ndani zijitaje kwa jina kubwa, Windows inaamini, GPU-Z nyingi inazigundua na kuandika FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa usiichomeke, muage kwa amani.

Kuna watu watakwambia kwanini usinunue zile desktop za ofisini za mtumba, laki 4 unapata, unachomeka kadi tu. Nilifikiria. Shida nyingi zina pawa saplai ya kwao wenyewe, waya haziendani na za kawaida, na zile nyembamba kadi ndefu haiingii hata uisukume. Kwa kuandikia barua ni nzuri sana.

Pawa saplai nimechukua ya wati 650 wakati kadi yenyewe inaomba 550, ya kampuni inayojulikana, sikutaka kubahatisha hapo kwa sababu ikifa yenyewe huwa haifi peke yake. Na UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya kazi katalogi inaweza kuharibika, ilishanitokea enzi za desktop ya kaka yangu, nyota na rangi zote nilizoweka kwenye picha siku mbili zikayeyuka. Ukinunua UPS usisome VA ukadhani ni wati, ya 1200VA nyingi zinatoa kama wati 720 tu. Na kuna za bei rahisi zinatoa umeme wa ngazi ngazi, baadhi ya pawa saplai za kisasa haziupendi, umeme ukikatika UPS inalia pii afu kompyuta inazima vilevile. Jaribu siku ya kwanza, washa kazi nzito afu chomoa waya ukutani kwa mkono wako. Yangu inanipa dakika kama 10, zinatosha kuseva na kuzima kistaarabu. Nilipanga milioni 3 nikaishia milioni 3 na laki 6, na hiyo laki 6 ni UPS na lile diski la TB 4, vitu ambavyo kwenye hesabu ya mwanzo sikuviandika kabisa.

Kesi nayo, yaani ganda la boksi, ya matundu mbele, yenye chujio linalochomoka. Hapa sisi tuna jambo ambalo watu wa Dodoma hawalijui, wale wadudu wadogo wa ziwani, siku zao wakitoka unaona kabisa kule ziwani kama moshi unapanda, jioni wakiona taa wamekuja wote. Jamaa wa Igoma na mapambo yake rangi saba aliacha dirisha wazi usiku mmoja mashine inawaka, asubuhi feni ya mbele imevaa sweta. Mimi kesi yangu haina taa hata moja na chujio naliosha kila wiki mbili kwa brashi ya rangi, ya ukutani ile.

Siku ya kuunga nilimwomba fundi asimamie tu, mikono iwe yangu. Masaa matatu. Pesti ya joto punje moja ya harage katikati ya prosesa, RAM kwenye nafasi ya pili na ya nne, skrubu moja ikaingia chini ya mazabodi tukageuza boksi kama tunatoa jiwe kwenye kiatu. Nikabonyeza. Feni zikazunguka, skrini giza. Nikazima nikatoa RAM nikarudisha, giza. Nikafikiria binzari, nikafikiria milioni 3 na laki 6. Fundi amekaa tu anakunywa chai, mwishoni akanionea huruma akaonyesha kwa kidole nyuma ya boksi, waya wa skrini nilikua nimeuchomeka kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi. Hiyo 5700X haina grafiksi ndani, kwaiyo ile tundu ya mazabodi ni pambo tu.

Kazi ya kwanza niliyofungua ilikua harusi ya Buhongwa. Kioo kimepimwa, nikaiona kwa mara ya kwanza jinsi ilivyokua na niliona aibu peke yangu chumbani. Nikashusha njano picha zote, nikasafisha zile za ukumbini, nikaprinti albamu upya kwa hela yangu, nikaipeleka. Shikamoo mama. Marahaba. Hakunikaribisha soda safari hii, akaenda moja kwa moja dirishani na miwani yake. Akafungua taratibu ukurasa kwa ukurasa, shela jeupe, meno meupe, mi nimesimama mlangoni. Akafika katikati akasimama.

"Umejitahidi mwanangu. Ila hapa kwenye keki umesahau, bado ni ya njano."

"Mama, keki ilikua ya njano."